Sura ya Tano: Filamu Ndani ya Soksi

Mwaka 1956 Hoteli ya Savoy jijini Johannesburg ilimwajiri kijana mmoja wa miaka ishirini na ushei, mtoto wa shamba, awe mhudumu. Aliitwa Masana Samuel Nzima. Wageni waliomwagiza chai hawakujua kwamba kijana huyo alikuwa na kichaa cha kamera tangu shuleni, wala kwamba hapohapo hotelini alikuwa amempata mwalimu: mpiga picha aitwaye Patrick Rikotso, ambaye alikuwa akimfundisha kazi.

Kichaa hicho kilianzia nyumbani. Nzima alizaliwa tarehe 8 Agosti 1934 kijijini Lillydale, karibu na Bushbuckridge, mashariki ya Afrika Kusini, upande unaopakana na Hifadhi ya Taifa ya Kruger. Mwalimu wake wa shule alikuwa na kamera, na siku alipomwonyesha, mtoto akanasa. Alijinunulia ya kwake akiwa bado mwanafunzi, akaanza kuzungukazunguka hifadhini akipiga picha. Lakini baba yake alikuwa kibarua wa mkulima Mzungu, na katika mashamba yale kumwajiri baba kulikuwa ni kujipatia na mtoto pia. Kijana alilazimishwa kufanya kazi ya shamba. Alivumilia miezi tisa, kisha akapanda treni akatorokea Johannesburg.

Mjini alianza kwa kutunza bustani, akamaliza sekondari, ndipo akaingia hotelini. Kutoka Savoy alihamishiwa hoteli ya Chelsea, na huko akawa anawapiga picha wafanyakazi wenzake. Wapiga picha wengi wa miji ya Afrika wameishia hapo: mtu anakaa kitini, ananyoosha kola, anapigwa picha, analipa. Nzima hakuishia hapo kwa sababu moja tu, alikuwa msomaji wa magazeti. Alilisoma Rand Daily Mail na akaona kwamba picha ina kazi nyingine zaidi ya kupamba ukuta wa sebule. Basi akaandika habari kuhusu usafiri wa mabasi, akaiambatanisha na picha zake mwenyewe, akaipeleka kwenye gazeti la The World. Mhariri akaipenda, akamtaka alete nyingine. Kwa muda Nzima alikuwa mwandishi wa kujitegemea, analipwa kwa kile kilichochapwa. Mwaka 1968 aliajiriwa rasmi.

The World lilizaliwa mwaka 1932 kwa jina la Bantu World. Wasomaji wake walikuwa Waafrika wa mijini. Wenye mali walikuwa kampuni ya Argus, kampuni ya Wazungu. Kwa miaka mingi liliishi kwa mpira wa miguu na habari za uhalifu. Percy Qoboza alipokalia kiti cha mhariri mwaka 1974, siasa ikasogezwa mbele, na serikali ya Makaburu ikaanza kulisoma gazeti hilo kwa jicho jingine.

Kupiga picha katika nchi ile kulikuwa ni kutembea na shitaka mfukoni. Sheria ya Magereza ya 1959 ilikataza mtu kupiga picha ya gereza au ya mfungwa bila kibali. Mpiga picha Mwafrika alipaswa pia kuwa na pasi yake mkononi kila aendako mjini, kama Mwafrika mwingine yeyote, na askari aliyemkuta na kamera mahali asipopapenda hakuhitaji kutafuta sana kosa la kumkamatia.

Waliodumu katika kazi hiyo walijifunza ujanja. Peter Magubane, aliyeingia jarida la Drum katikati ya miaka ya 1950 kama dereva kabla ya kukabidhiwa kamera, alitumwa Zeerust mwaka 1956, mahali ambapo waandishi walizuiwa kupiga picha. Alinunua mkate mzima, akautoboa katikati, akaficha humo kamera yake ya Leica. Kwa aliyemwona, alikuwa mtu anayekula mkate wake. Ujanja huo haukumwokoa siku zote. Baadaye Magubane alikaa siku 586 katika kifungo cha upweke, kisha akapigwa marufuku ya miaka mitano iliyomzuia kufanya kazi yake. Aliporudi mtaani na kamera mwaka 1976, polisi walimpiga wakamvunja pua.

Huo ndio ulikuwa ujirani wa Nzima kikazi. Mtu aliyeingia The World mwaka 1968 alijua kwamba kamera inaweza kuchukuliwa wakati wowote, na kwamba kinachotakiwa kulindwa ni filamu.

Chanzo cha siku iliyomtambulisha Nzima kilikuwa waraka wa ofisini. Mwaka 1974 idara ya elimu ya Waafrika iliagiza kwamba shule za Waafrika zitumie Kiafrikana, lugha ya Makaburu, kufundishia baadhi ya masomo, hisabati ikiwemo, huku mengine yakibaki katika Kiingereza. Walimu wengi hawakukimudu Kiafrikana, na wanafunzi walijikuta wanafeli hesabu kwa sababu ya lugha. Kwa miezi kadhaa kulikuwa na migomo ya hapa na pale. Kisha wanafunzi wa Soweto, kitongoji kikubwa cha Waafrika kusini-magharibi ya Johannesburg, wakapanga maandamano ya amani kuelekea Uwanja wa Orlando. Siku waliyoichagua ilikuwa Jumatano, tarehe 16 Juni 1976.

Afrika Kusini ilikuwa imepata televisheni miezi mitano tu iliyotangulia, tarehe 5 Januari, na televisheni yenyewe ilikuwa ya serikali. Kwa hiyo yeyote aliyetaka kuona kwa macho yake kinachoendelea Soweto angeona kile ambacho wapiga picha wa magazeti wangeleta, na si zaidi.

Nzima alifika Soweto mapema asubuhi akiwa na mwandishi mwenzake wa The World, Sophie Tema. Aliwakuta wanafunzi wakiandika mabango ya kukikataa Kiafrikana, naye akaanza kazi. Hadi hapo ilikuwa habari ya kawaida ya gazeti: watoto wenye sare, mabango, nyimbo. Maandamano yalipofika Orlando West, kwenye mtaa wa Vilakazi, polisi walikuwa wamewatangulia.

Kwa simulizi ya Nzima mwenyewe, aliyoirudia mara nyingi baadaye, ofisa mmoja Mzungu aliwaamuru wanafunzi watawanyike, wao wakaimba Nkosi Sikelel' iAfrika, na ofisa huyo akatoa bastola akafyatua. Wengine wakafuata. Watoto walikimbia kila upande. Pembeni, karibu na njiapanda ya Vilakazi na Moema, mvulana mdogo alianguka.

Mvulana huyo alikuwa Hector Pieterson, mwenye umri wa miaka 12. Kijana wa miaka 18, Mbuyisa Makhubu, alimwinua akaanza kukimbia naye. Dada yake Hector, Antoinette, wa miaka 17, akakimbia pembeni yao. Walikuwa wanakuja upande aliokuwapo Nzima.

Kamera aliyokuwa nayo ilikuwa Pentax SL, aina iliyoingia sokoni mwaka uleule alioajiriwa. Kwa mpiga picha wa leo ni chombo kigumu. Haikuwa na kipima mwanga ndani yake. Mwenyewe ndiye aliyepaswa kulikadiria jua la asubuhi ya Juni, ambayo kule ni kipupwe, kisha aamue upenyo wa lenzi na kasi ya kufyatua. Umakini wa picha aliupata kwa kuizungusha lenzi kwa vidole vya mkono wa kushoto. Kila baada ya fremu moja alilazimika kuvuta kwa kidole gumba mkono mdogo unaosogeza filamu, ndipo aweze kupiga nyingine. Na mtu anayekukimbilia hukuharibia umakini kwa kila hatua, kwa kuwa umbali unabadilika. Ukichelewa kuzungusha lenzi, unarudi ofisini na ukungu. Haya yote Nzima aliyafanya risasi zikiwa bado zinalia.

Alipata fremu sita. Zinawafuata wale watatu hadi kwenye gari la waandishi, Volkswagen ndogo, walikomlaza Hector. Sophie Tema alikwenda naye hadi zahanati ya Phefeni. Walipofika alikuwa amekwisha kufa.

Moja kati ya zile sita ndiyo dunia inayoijua. Imesimama wima. Mbuyisa yuko katikati, amevaa ovaroli, uso umekunjamana kwa kilio, amembeba mtoto kwa mikono yote miwili. Kichwa cha Hector kimelegea. Antoinette, katika sare ya shule, ameinua kiganja wazi kama anayetaka kulizuia jambo ambalo limekwisha tokea. Hakuna askari ndani ya picha, wala bunduki, wala bango. Mtu asiyejua lolote kuhusu Afrika Kusini, asiyewahi kusikia habari za Kiafrikana wala za hisabati, akiiona anaelewa kwamba mtoto ameuawa na kwamba hawa wawili ni watoto wenzake. Picha nyingi za maandamano zinahitaji aya mbili za maelezo. Hii haikuhitaji.

Kisha kikaja kitendo kilichoamua kila kitu kilichofuata. Nzima aliitoa ile filamu kwenye kamera na kuiingiza ndani ya soksi yake. Akaweka filamu mpya, akaendelea kupiga. Baadaye polisi walimsimamisha, wakamlazimisha kufungua kamera na kuzianika filamu kwenye mwanga. Filamu ambayo haijasafishwa ikipigwa na jua imekwisha, haina dawa. Zilizoharibika zilikuwa nyingine. Ile ya Hector ilifika ofisini salama.

Kazi ya gazeti ina sehemu ambayo jina la mpiga picha halifiki. Mtu wa chumba cha giza aliizamisha filamu kwenye dawa moja, kisha nyingine, akaikausha, akaichapa ndogondogo ili wahariri wachague. Kwenye meza ya wahariri kukawa na mabishano. Wapo walioogopa kwamba picha ile ingewasha moto nchi nzima, na wapo waliosema kwamba hakuna njia nyingine ya kuwaeleza watu kilichotokea. Upande wa pili ulishinda. Picha ilitoka kwenye The World siku hiyohiyo.

Mashirika ya habari yakaichukua. Wakati huo picha ilisafiri kwa waya: iliyochapwa kwenye karatasi ilizungushiwa silinda, mwanga ukaisoma mstari kwa mstari huku silinda ikizunguka, mwanga ukageuzwa kuwa mlio kwenye laini ya simu, na upande wa pili mashine ya aina hiyohiyo ikauchora upya. Picha moja ilichukua dakika kadhaa kufika. Kesho yake Hector Pieterson alikuwa kwenye kurasa za mbele za magazeti ya mabara mengine. Tarehe 19 Juni, siku tatu tu baada ya risasi za Vilakazi, Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa lilipitisha Azimio namba 392 likilaani serikali ya Afrika Kusini kwa kuwaua Waafrika, watoto wa shule wakiwemo.

Machafuko yaliendelea miezi mingi na kuenea miji mingine. Tume ya serikali yenyewe, iliyoongozwa na Jaji Cillié, ilihesabu watu 575 waliokufa hadi mapema 1977. Wengine wamesema idadi hiyo ni ndogo kuliko ukweli.

Hapa pana jambo linalostahili kutazamwa kwa makini. Hector hakuwa peke yake aliyepigwa risasi asubuhi ile. Mwanafunzi wa miaka 15, Hastings Ndlovu, alipigwa pia, na watafiti wengi wa tukio hilo wanaamini kwamba yeye ndiye aliyeanza kuanguka. Mahali alipoangukia hapakuwa na mpiga picha. Kwa hiyo ulimwengu unamjua Hector, na Hastings anajulikana kwa waliosoma historia hiyo kwa undani. Wote wawili ni watoto, wote wawili wamekufa kwa risasi za polisi. Kilichowatofautisha katika kumbukumbu za watu ni kwamba mmoja aliangukia mbele ya Nzima.

Picha ilipoanza kuzunguka dunia, waliohusika nayo walianza kulipa.

Wa kwanza alikuwa Mbuyisa. Polisi walikuwa na uso wake kwenye ukurasa wa mbele, na uso huo ulikuwa umeiaibisha serikali. Wakaanza kumtafuta. Alikimbilia Botswana, kisha akafika Nigeria. Mwaka 1978 mama yake, Nombulelo Makhubu, alipata barua kutoka kwake, na baada ya hapo hakukuwa na nyingine. Miaka mingi baadaye mama huyo alikwenda mbele ya Tume ya Ukweli na Maridhiano. Aliwaambia wajumbe kwamba mwanawe hakuwa shujaa. Kumwokota Hector, kwa mila zao, lilikuwa jambo ambalo ndugu yeyote angelifanya, na angemwacha chini ndipo ingekuwa ajabu. Alifariki mwaka 2004 bila kujua mwanawe yuko wapi.

Hofu ya kutambuliwa kwa picha wanafunzi wa Soweto walikuwa nayo tangu mwanzo. Magubane alipowafuata na kamera yake mwaka huohuo, walimkatalia, wakijua kwamba picha ya gazeti inaweza kugeuka orodha ya polisi. Ilibidi awaombe, awaeleze kwamba mapambano yasiyo na kumbukumbu ni rahisi kukanushwa, ndipo wakakubali. Alikuwa na haki, na wao pia walikuwa na haki. Kisa cha Mbuyisa kinathibitisha pande zote mbili.

Wa pili alikuwa Nzima mwenyewe. Kikosi cha usalama kilianza kuulizia habari zake. Kwa mujibu wa simulizi yake, onyo lilimfikia kutoka ndani ya polisi kwamba askari wameamriwa wakimwona anapiga picha wampige risasi, kisha iandikwe kwamba ni risasi iliyopotea njia. Alikuwa na mke na watoto. Akaacha kazi, akarudi Lillydale, kijiji kilekile alichokitoroka kwa treni akiwa kijana. Huko nako polisi wa usalama walimfuata, wakamweka chini ya kizuizi cha nyumbani. Kwa maelezo yake kizuizi hicho kilidumu miezi 19.

Wa tatu lilikuwa gazeti. Tarehe 19 Oktoba 1977, mwezi mmoja na siku kadhaa baada ya mwanaharakati Mweusi Steve Biko kufia mikononi mwa polisi, Waziri wa Sheria Jimmy Kruger alilifungia The World pamoja na toleo lake la mwisho wa wiki, na kuyapiga marufuku mashirika mengi ya Weusi kwa mkupuo. Percy Qoboza alikamatwa, akawekwa kizuizini miezi kadhaa bila kushitakiwa. Gazeti halikufufuka kwa jina hilo. Warithi wake walikuja kwa majina mengine, na mmoja wao ni Sowetan, linalochapwa hadi leo.

Kwa hiyo Nzima alikuwa mpiga picha aliyeajiriwa kwa takriban miaka minane tu. Mtu mwenye moja ya picha zinazojulikana zaidi katika karne ya ishirini aliendesha duka la pombe kijijini. Baadaye aliingia bunge la Gazankulu, moja ya vijinchi ambavyo utawala wa ubaguzi uliwatengea Waafrika kwa misingi ya makabila. Sowetan lilipompa mashine ya kukuzia picha nyeusi na nyeupe, alianzisha shule ya upigaji picha Bushbuckridge akawa anafundisha vijana. Mashine yenyewe ilikuwa ya chumba cha giza, ya dawa na karatasi, teknolojia ambayo vyumba vya habari vya mijini vilikuwa karibu kuitupa.

Wakati huo picha yake haikupumzika. Iliwekwa kwenye mabango ya harakati za kupinga ubaguzi, kwenye fulana, kwenye majalada ya vitabu, kwenye kuta. Wengi walioichapa hawakujua nani aliipiga, na waliojua hawakumlipa, kwa sababu kisheria haikuwa yake.

Suala hili huwashangaza wasomaji ingawa waandishi wa habari wanalijua vizuri. Katika nchi zilizorithi sheria za Uingereza, picha aliyopiga mwajiriwa wa gazeti akiwa kazini huwa mali ya gazeti, isipokuwa mkataba useme vingine. Gazeti limenunua kamera, limenunua filamu, limemlipa mshahara, limempa na gari. Lililotoka ndani ya kamera ni lake. The World lilikuwa mali ya Argus, kwa hiyo picha ilikuwa mali ya Argus. Gazeti lilipofungiwa, hakimiliki haikufungiwa nalo. Kampuni ilipouzwa kwa Independent Newspapers katika miaka ya 1990, picha ya Hector iliuzwa pamoja na mitambo na majengo. Nzima aliidai kwa miaka mingi. Mwaka 1998, baada ya ubaguzi wa rangi kuondoka madarakani na miaka 22 baada ya asubuhi ile ya Soweto, kampuni hiyo ilimkabidhi haki ya picha yake.

Mtu anaweza kumlinganisha na Mohamed Amin, mpiga picha ambaye Afrika Mashariki inamkumbuka zaidi. Amin alizaliwa Nairobi mwaka 1943, akakulia Dar es Salaam, na mwaka 1963 akaanzisha kampuni yake mwenyewe, Camerapix, akiwa hapohapo Dar es Salaam. Waziri wa Kenya Tom Mboya alipopigwa risasi Nairobi tarehe 5 Julai 1969, Amin aliwahi, akapanda hadi ndani ya gari la wagonjwa na kamera yake. Mwaka 1984 alikuwa Ethiopia na Michael Buerk wa BBC, na alichopiga huko kuhusu njaa kikaifanya dunia ichange mamilioni. Alipofariki mwaka 1996, katika ndege ya Ethiopia iliyotekwa na kuangukia baharini karibu na Komoro, aliacha hazina ya picha iliyo chini ya jina la kampuni yake. Amin naye alilipia kazi yake kwa mwili. Mkono wake wa kushoto ulikatika Addis Ababa mwaka 1991 ghala la silaha lilipolipuka. Lakini alikuwa mfanyabiashara wa picha zake tangu mwanzo. Nzima alikuwa mwajiriwa, na zaidi ya hapo alikuwa mwajiriwa Mweusi katika nchi ambayo Mweusi hakuruhusiwa kumiliki mengi. Ustadi wa mkono ulikuwa upande wa wote wawili. Karatasi za umiliki zilikuwa upande wa mmoja.

Matunda ya asubuhi ile ya Juni yalifika hadi Tanzania. Vijana wengi waliokimbia Afrika Kusini baada ya 1976 walikuwa wanafunzi waliokatishwa masomo, na chama cha ANC kilijikuta na maelfu ya watoto wanaohitaji shule. Serikali ya Tanzania ikawapa eneo la Mazimbu, Morogoro, lililokuwa shamba la mkonge, na mwaka 1978 shule ikaanza. Baadaye ilipewa jina la Solomon Mahlangu, kijana wa kizazi hichohicho aliyenyongwa na serikali ya Makaburu tarehe 6 Aprili 1979. Ubaguzi ulipoanza kuporomoka, mwaka 1992, majengo yalikabidhiwa kwa Tanzania, na leo ni kampasi ya Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo. Mwanafunzi anayepita hapo kwenda darasani anapita katika shule iliyojengwa kwa ajili ya wenzake Hector.

Heshima kwa Nzima zilianza kuja akiwa mzee. Mwaka 2002 jumba la makumbusho la Hector Pieterson lilifunguliwa Orlando West, hatua chache kutoka njiapanda ile, na picha yake ndiyo inayowapokea wageni. Antoinette, ambaye sasa anaitwa Antoinette Sithole, amekuwa akiwaeleza wageni habari za siku aliyompoteza mdogo wake, mbele ya picha aliyomo yeye mwenyewe. Mwaka 2011 serikali ilimpa Nzima Nishani ya Ikhamanga, daraja la shaba, inayotolewa kwa watu wa sanaa, utamaduni, uandishi na michezo. Mwaka 2016 jarida la Time la Marekani liliiweka picha hiyo katika orodha yake ya picha 100 zenye athari kubwa kuliko zote. Nzima alifariki tarehe 12 Mei 2018 akiwa na miaka 83.

Wako wanaosema alibahatika: alikuwa mahali panapofaa, saa inayofaa. Hoja hiyo haisimami. Soweto asubuhi ile palikuwa na waandishi wengine na kamera nyingine. Nzima aliamka mapema, alikaa na wanafunzi tangu walipokuwa wakiandika mabango, alikwenda mbele wakati kila mtu mwenye akili timamu anarudi nyuma, alikadiria mwanga kwa jicho na kuzungusha lenzi kwa mkono usiotetemeka kiasi cha kuharibu, na alikumbuka, katikati ya vilio, kwamba polisi watakuja kuitaka filamu. Hayo ni mazoea ya kazi aliyoianza kwa kupiga picha za wahudumu wa hoteli.

Tangu 1991, kwa uamuzi wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika, tarehe 16 Juni ni Siku ya Mtoto wa Afrika. Kila mwaka magazeti, shule na mashirika huitoa tena picha ya Vilakazi kwenye kurasa, mabango na vipeperushi, mara nyingi bila jina lolote chini yake. Wahariri, walimu na waandaaji wa sherehe wanaombwa jambo dogo: waandike chini ya picha hiyo, kwa herufi zinazosomeka, Sam Nzima, The World, Soweto, 1976. Na kabla ya kuichapa, wawaombe kibali wenye haki nayo.